Kuminga abaki ao aende? Hesabu iliyo nyuma ya mabishano ya mashabiki wa Goma

GOMA, Septemba 2025 – Zimebaki siku chache kufikia Oktoba 1, tarehe ambayo Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma mwenye umri wa miaka 22, anapaswa kuwa ameamua atacheza msimu ujao wa basketi ya Marekani kwa mkataba gani. Timu yake, Golden State Warriors ya San Francisco, haijasajili mchezaji huru hata mmoja tangu kipindi cha uhamisho kifunguliwe mwanzoni mwa Julai. Ina wachezaji 9 tu wenye mkataba kamili, na kambi ya mazoezi inafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Mambo yote yanangoja jibu la kijana mmoja.

Hapa Goma mabishano yalianza tangu Mei. Kutoka Himbi hadi Majengo, penye vijana wawili wanaofuata ligi ya NBA, swali ni hilo hilo: timu ijengwe upya namna gani, na mwana wa nyumbani awe na nafasi gani ndani yake? Kila mmoja ana jibu. Wengine wanataka alipwe na apewe mpira. Wengine wanataka auzwe sasa hivi, kwa faida yake mwenyewe. Wengine wanasema ajivumilie mwaka mmoja kwa pesa kidogo, kisha awe huru kabisa.

Kila upande una sehemu ya ukweli. Lakini mara nyingi tunachanganya maswali mawili ambayo si moja: kipi ni kizuri kwa Golden State, na kipi ni kizuri kwa Kuminga? Kiangazi hiki majibu ya maswali hayo mawili yameachana, na ndiyo maana mazungumzo yamekwama.

Msimu uliokwisha ulisema nini

Tukumbuke tulipotoka. Mwanzoni mwa Februari 2025, Golden State ilikuwa timu ya katikati: ushindi 25, vipigo 26. Viongozi wake wakamleta Jimmy Butler kutoka Miami, wakamtoa Andrew Wiggins pamoja na nafasi yao ya kwanza katika drafti ya 2025. Mambo yakageuka. Katika mechi 31 zilizobaki walishinda 23, wakamaliza msimu na ushindi 48 na vipigo 34, nafasi ya 7 upande wa Magharibi.

Kuminga hakuwa katikati ya mageuzi hayo. Aliumia kifundo cha mguu Januari 4 katika mechi dhidi ya Memphis, akakaa nje zaidi ya miezi miwili. Aliporudi Machi, alikuta timu imejipanga bila yeye. Mwisho wa msimu, kocha Steve Kerr alimwacha kwenye benchi mechi nzima dhidi ya Clippers, na tena katika mechi ya kufuzu dhidi ya Memphis. Katika raundi ya kwanza, ambayo Golden State ilimtoa Houston kwa mechi 4 kwa 3, alicheza kidogo sana.

Kisha ikaja Minnesota. Katika mechi ya kwanza ya raundi ya pili, Stephen Curry aliumia msuli wa paja. Golden State ilishinda siku hiyo, lakini ikapoteza mechi 4 zilizofuata na kuondolewa. Katika mechi hizo 4 bila Curry, Kuminga alifunga pointi 18, kisha 30, kisha 23, kisha 26. Ni wastani wa pointi zaidi ya 24 kwa kila mechi.

Mashabiki wa Goma waliokesha usiku ule wanazijua namba hizo kwa kichwa. Lakini tuzisome vizuri. Zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kijana huyu anaweza kubeba mashambulizi ya timu mbele ya ulinzi mkali, na kwamba nafasi hiyo aliipata tu wakati Curry hakuwepo. Wakala wake anasoma sentensi ya kwanza, viongozi wa timu wanasoma ya pili.

Kambi tatu za mashabiki

Kambi ya kwanza inasema: mlipe, umpe nafasi. Hoja yake ni umri. Curry ana miaka 37. Butler ametimiza 36 mwezi huu. Draymond Green ana 35. Hakuna timu inayojengwa juu ya watu watatu wa umri huo bila kijana wa kuwapokea. Ukimfukuza Kuminga leo, wanasema, kesho kutwa utabaki na picha za ubingwa ukutani.

Kambi ya pili inasema: muuze, upate mtu anayefaa sasa. Hoja yake pia ni umri, ila wanaisoma kinyume. Kama Curry amebakiwa na miaka miwili mizuri, mchezaji wa miaka 22 anayehitaji mpira mkononi ili ajifunze ni anasa. Afadhali mtu mzima anayejua kupiga mitupo ya mbali na kulinda, asiyeomba kupangiwa mchezo wake mwenyewe. Katika kambi hii kuna watu wanaompenda Kuminga kuliko wote. Wanataka aende kwa sababu wamechoka kumwona amekaa.

Kambi ya tatu inasema: achukue mwaka mmoja, kisha aondoke bure. Kanuni za ligi zinampa njia hiyo. Anaweza kukubali ofa ya lazima ya karibu dola milioni 7,9, acheze msimu mmoja, na kiangazi cha 2026 awe huru kusaini popote bila Golden State kuwa na neno.

Ukisikiliza kambi hizi tatu bila kutazama hesabu ya pesa, utafikiri ni suala la moyo ao la uvumilivu. Tuingie basi katika hesabu.

Pesa zimekwenda wapi

Msimu wa 2025-2026, ligi imeweka kikomo cha mishahara kuwa dola milioni 154,6 kwa kila timu. Timu inaweza kupita kikomo hicho kwa njia fulani fulani, lakini juu yake kuna ngazi nyingine. Kwenye milioni 187,9 inaanza kodi ya anasa. Kwenye milioni 195,9 kuna kizingiti cha kwanza, na kwenye milioni 207,8 kizingiti cha pili. Kila ngazi unayopanda, ligi inakunyang'anya chombo kimoja cha kusajili ao kubadilishana wachezaji.

Sasa tazama Golden State. Curry peke yake analipwa milioni 59,6. Butler milioni 54,1. Green milioni 25,9. Watu watatu tu, na tayari tumefika milioni 139,6, yaani karibu asilimia 90 ya kikomo. Bado hujamlipa Moses Moody, Buddy Hield, Brandin Podziemski na wengine, na timu lazima iwe na wachezaji wasiopungua 14.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Wanasema: kama hamumtaki Kuminga, mwacheni, pesa yake mnunue mwingine. Pesa hiyo haipo. Kanuni zinairuhusu timu kupita kikomo ili kumlipa mchezaji wake yenyewe, aliyekaa nayo miaka kadhaa. Haziiruhusu kuchukua kiasi hicho hicho na kumpa mgeni. Kuminga akiondoka bila kubadilishana, Golden State haitabaki na milioni 20 mkononi. Itabaki na pengo.

Kwa hiyo mshahara wa Kuminga una kazi mbili kwa klabu. Ni malipo ya kazi yake, na pia ni kipimo cha thamani ya mchezaji watakayeweza kumleta siku wakimbadilisha. Katika ligi hii, ili umpate mtu anayelipwa milioni 25, lazima utoe mishahara inayokaribia kiasi hicho. Ukiondoa wale wakubwa watatu, Golden State haina mshahara mwingine wa kati wa kutosha. Ina wa Kuminga tu, na wenyewe bado haujaandikwa.

Hii inaeleza ofa iliyotajwa sana na vyombo vya habari vya Marekani mwezi wa Agosti: miaka miwili, dola milioni 45, huku mwaka wa pili ukiwa mikononi mwa timu, na mchezaji aache haki yake ya kukataa kuhamishwa. Mkataba wa namna hiyo, mtu akiusoma kwa utulivu, anaona timu inayotaka kuwa na mshahara mzuri wa kubadilishana itakapohitaji. Upande wa Kuminga umeuona hivyo hivyo, ndiyo maana haujasaini.

Mlango wenye ufunguo mmoja

Lakini kwa nini asiende tu kwenye timu nyingine? Hili ndilo swali linalorudi mara nyingi, hasa kwa wale waliozoea kandanda, ambako mkataba ukiisha mchezaji anabeba mfuko wake.

Katika NBA, mchezaji aliyemaliza mkataba wake wa kwanza baada ya drafti anakuwa huru kwa masharti. Timu nyingine inaweza kumwandikia ofa, ila timu yake ya zamani ina haki ya kuifikia ofa hiyo na kumbakiza. Basi ili timu nyingine ijitokeze, inahitaji mambo mawili: iwe na nafasi ya pesa chini ya kikomo, na ikubali kupoteza muda kwa mtu ambaye huenda asifike kwake.

Kiangazi hiki karibu hakuna timu iliyokuwa na nafasi hiyo. Brooklyn Nets ndiyo iliyokuwa na pesa za kutosha, na haikuitumia kwa Kuminga. Vijana wengine walikutana na ukuta huo huo. Josh Giddey wa Chicago Bulls alisubiri hadi Septemba ndipo akasaini miaka minne kwa dola milioni 100. Cam Thomas wa Brooklyn alichukua ofa ya mwaka mmoja. Soko lilikuwa limefungwa kwa kizazi kizima, si kwa mtoto wa Goma peke yake.

Ilibaki njia ya tatu: asaini na Golden State, kisha siku hiyo hiyo abadilishwe. Sacramento Kings na Phoenix Suns zilitajwa. Hapa pia kanuni zinabana. Mchezaji akiongezewa mshahara sana, kutoka milioni 7 hivi hadi 20 na zaidi, katika hesabu ya kubadilishana nusu tu ya mshahara mpya ndiyo inahesabiwa kwa timu inayomtoa. Golden State ingetoa mtu wa milioni 20 na kurudishiwa wa milioni 10 na kitu. Na timu inayompokea kwa njia hiyo inafungiwa kwenye kizingiti cha kwanza msimu mzima. Ukiweka masharti hayo yote kwenye meza moja, unaelewa kwa nini simu zilipigwa nyingi na hakuna kilichosainiwa.

Kwa ufupi: Kuminga yuko huru kwa jina. Ufunguo wa mlango umeshikwa na Golden State, ila Golden State nayo haiwezi kumuuza kwa faida kabla hajasaini. Kila mmoja amemshika mwenzake koo.

Uwanjani, tatizo ni nini?

Wengi hapa wanamlaumu Kerr moja kwa moja. Wanasema hampendi kijana. Tuwe waadilifu: Kerr, aliyeshinda ubingwa mara nne na timu hii, 2015, 2017, 2018 na 2022, amelieleza jambo lenyewe waziwazi. Butler, Green na Kuminga wakiwa uwanjani pamoja, nafasi zinabanana. Hakuna hata mmoja kati yao anayeogopwa kwa mitupo ya mbali. Wapinzani wanajaza njia ya kuelekea kikapu, na Curry anazungukwa na watu wawili, wakati mwingine watatu.

Namba zinaunga mkono sehemu ya hoja hiyo. Msimu uliopita Kuminga alifunga wastani wa pointi 15,3 katika mechi 47, lakini kwa mitupo ya pointi tatu aliingiza karibu asilimia 30 tu. Nguvu yake ni kukimbia, kuruka, kumkabili mlinzi mmoja na kufika kikapuni. Hiyo inahitaji uwanja mpana. Mfumo wa Golden State unahitaji mtu anayepokea mpira, anautoa haraka, anakimbia kumfungulia mwenzake njia.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili ambao mashabiki wa kambi ya kwanza wanauona vizuri. Msimu wa 2023-2024, kabla ya Butler, Kuminga alicheza mechi 74 na kufunga wastani wa pointi 16,1, akiingiza zaidi ya nusu ya mitupo yake. Alikuwa na miaka 21. Aliongezeka kila alipopewa muda wa kudumu. Tatizo lilikua pale timu iliponunua mtu mwingine wa aina yake, mwenye umri mkubwa zaidi na mshahara mkubwa zaidi. Kumleta Butler ilikuwa ni jibu kwa swali la timu. Kwa Kuminga, ilikuwa ni mlango kufungwa.

Deni la 2020

Ili kuelewa tulivyofika hapa, turudi nyuma miaka mitano. Msimu wa 2019-2020, Curry na Klay Thompson wakiwa majeruhi, Golden State ilishinda mechi 15 tu na kupoteza 50. Kutokana na kuanguka huko ilipata nafasi ya 2 katika drafti ya 2020, ikamchukua James Wiseman. Mwaka wa 2021 ilikuwa na nafasi ya 7, iliyotoka Minnesota, ikamchukua Kuminga, na nafasi ya 14 ikamchukua Moody.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: wazee waendelee kushinda, vijana wajifunze kando yao, kisha siku moja wapokeane kijiti. Na mwaka wa 2022 ulionekana kufaulu. Golden State ilitwaa ubingwa, Kuminga akiwa na miaka 19, mmoja wa wachanga kabisa kuwahi kuvaa pete hiyo.

Kisha gharama ikaanza kuonekana. Wiseman aliondoka Februari 2023. Jordan Poole akatumwa Washington kiangazi hicho ili aje Chris Paul, aliyekuwa na miaka 38. Aprili 2024 timu ilitolewa na Sacramento kwa pointi 118 kwa 94 katika mechi ya kufuzu, siku ambayo Thompson alikosa mitupo yake yote 10. Thompson akaenda Dallas. Julai mwaka huu Kevon Looney naye, baada ya misimu 10, akahamia New Orleans.

Mtu anayetaka kushinda leo hampi kijana dakika za kukosea. Mtu anayetaka kulea hawezi kununua wazee. Golden State ilitaka yote mawili, na kwa muda Curry aliweza kuficha pengo hilo kwa kipaji chake. Sasa hawezi tena kulificha kila usiku. Mabishano juu ya mkataba wa Kuminga ni hati ya deni ambalo lilikopwa tangu 2020.

Na kuna tarehe ya mwisho ya kulipa. Mikataba ya Curry na Butler inaisha kiangazi cha 2027. Green naye, hata akitumia haki yake ya kuongeza mwaka, anafika hapo hapo. Viongozi wa timu, meneja Mike Dunleavy na mmiliki Joe Lacob, wanalinda mwaka huo kama mkulima anavyolinda mbegu. Hawataki mkataba mrefu wa mtu ambaye kocha wao hana hakika naye uvuke 2027. Ndiyo maana ofa zinakuwa fupi.

Mutombo na Biyombo walitufundisha nini

Wakongomani si wageni wa mabishano ya namna hii. Mwezi huu wa Septemba, tarehe 30, utatimia mwaka mmoja tangu Dikembe Mutombo atutoke akiwa na miaka 58. Historia yake inafaa kukumbukwa katika jambo hili.

Mutombo alichukuliwa na Denver Nuggets mwaka wa 1991, nafasi ya 4. Mwaka wa 1994 aliiongoza timu hiyo ndogo kuitoa Seattle, iliyokuwa ya kwanza upande wa Magharibi. Miaka miwili baadaye mkataba wake ukaisha, Denver ikamwacha aende Atlanta Hawks bila kupata chochote badala yake. Msimu uliofuata Denver ilishinda mechi 21. Ule mwingine ilishinda 11 na kupoteza 71. Mutombo yeye alitajwa mlinzi bora wa ligi mwaka wa 1997 na tena 1998, akiwa Atlanta.

Somo la kwanza: timu inayomwacha mtu wa thamani aondoke bure inaweza kulipa kwa miaka mingi. Somo la pili: mchezaji anayeondoka mahali asipotakiwa hapotezi jina lake.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi anatupa somo la tatu. Mwaka wa 2016 akiwa Toronto, alicheza michuano ya mchujo vizuri sana, hadi kudaka mipira 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland. Kiangazi hicho hicho Orlando ilimpa miaka minne kwa dola milioni 72. Alikuwa na bahati ya majira: mwaka huo kikomo cha mishahara kilipanda kutoka milioni 70 hadi zaidi ya 94, na timu nyingi zilikuwa na pesa. Kuminga naye amefanya vizuri katika mchujo, ila ametoka sokoni siku ambayo wanunuzi hawana kitu mfukoni. Thamani ya mchezaji inategemea kipaji chake, na pia mwaka ambao mkataba wake unaisha.

Ndiyo maana kambi ya tatu, ile ya mwaka mmoja, isichekwe. Akikubali milioni 7,9, Kuminga anapata haki ya kukataa kuhamishwa msimu mzima, na mwaka wa 2026 anaingia sokoni bila kamba mguuni. Lakini hatari ni kubwa. Anaacha zaidi ya milioni 10 mezani kwa msimu mmoja. Na kocha anayejua kwamba mtu ataondoka hana sababu ya kumpa dakika. Kifundo cha mguu kilichoumia Januari kinaweza kuumia tena. Mtu aliyekaa benchi haandikiwi mkataba wa miaka minne.

Kinachoelekea kutokea

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinasukumwa na kanuni kuelekea mahali pamoja: mkataba mfupi, wa miaka miwili hivi, wenye pesa zaidi ya ile ofa ya lazima, na mwaka wa pili mikononi mwa timu. Golden State inapata mshahara wa kubadilishana na pengo linazibwa. Kuminga anapata pesa nzuri sasa na anasubiri soko lifunguke.

Mkataba huo ukisainiwa, tutasikia shangwe hapa Goma. Tusidanganyike. Utakuwa umeahirisha jambo, haujalimaliza. Kanuni zinasema mchezaji aliyeongezewa mshahara kwa kiwango hicho hawezi kubadilishwa kabla ya Januari 15. Mwenye kufuata ligi hii aandike tarehe hiyo. Kama kufikia Krismasi Kuminga atakuwa anacheza dakika 30 kando ya Curry, basi ndoa imepona. Kama atakuwa amerudi benchi, Januari utakuwa mwezi wa kuaga.

Kwa Golden State, tunaona kambi ya pili ina hoja nzito zaidi. Timu iliyoweka asilimia 90 ya kikomo chake kwa watu watatu waliopita miaka 35 imekwisha kuchagua. Imechagua leo. Kujifanya bado inalea ni kumpotezea kijana miaka yake. Kwa Kuminga, kinachofaa ni timu inayopoteza mechi kwa sasa lakini iko tayari kumpa mpira na kumvumilia, hata kama jina lake halina mng'aro wa San Francisco.

Hilo ni gumu kukubalika hapa, na sababu inaeleweka. Tangu Januari mji uko chini ya M23. Uwanja wa ndege umefungwa, benki nyingi zimefunga milango. Vijana wanahesabu mega za simu kabla ya kufungua video ya dakika mbili. Mechi za nyumbani za Golden State zinaanza huku kwetu saa kumi ao saa kumi na moja za alfajiri, na bado kuna watu wanaoamka. Wanaamka kumwona mtu aliyezaliwa kati ya ziwa na volkeno, akiruka mbele ya dunia nzima na jezi namba 00. Kwao, jezi ya dhahabu na buluu imekuwa kama bendera. Kusema aende ni kama kumfukuza nyumbani kwake.

Lakini nyumbani kwake si San Francisco. Jezi zinabadilika, Mutombo alivaa kadhaa, na hakuna Mkongomani aliyeacha kumwita wetu. Oktoba 1 saa sita za usiku kule New York, muda wa ofa unaisha. Hapa Goma itakuwa tayari alfajiri ya Oktoba 2, na wapo watakaokuwa macho, simu mkononi, wakingoja mstari mmoja wa habari.